Kiwiko cha Mtoto Kikivunjika, Tusiogope Waya



Msimu wa maembe ukifika, watoto hupanda miti, na wengine huanguka. Anayeanguka hutanguliza mkono, na uzito wa mwili huishia kwenye kiwiko. Mfupa wa mkono wa juu huvunjika karibu na kiungo, mahali ulipo mwembamba. Ajali hii huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 7.

Mfupa ukihama sana, mtoto hupewa dawa ya usingizi, daktari huurudisha mahali pake, kisha hupitisha nyaya mbili au tatu kwenye ngozi hadi ndani ya mfupa, akiangalia kwa eksirei. Nyaya hizo, nyembamba kama milimita 2 au chini yake, huitwa kwa jina la Martin Kirschner, daktari Mjerumani aliyezianzisha mwaka 1909. Kwa kawaida ncha huachwa nje ya ngozi, na mkono hufungwa hogo. Baada ya wiki 3 au 4 nyaya huvutwa, mara nyingi bila dawa ya usingizi.

Wazazi wengi wakisikia hayo hushtuka: "Mwanangu atobolewe mfupa?" Wanampeleka kwa mkandaji. Hatuwadharau wazee wetu wanaounga mifupa. Lakini kiwiko si ugoko. Mbele yake hupita mshipa mkubwa wa damu unaolisha kiganja, pamoja na mishipa ya fahamu. Mkono ukivimba huku umekazwa kwa vijiti na kamba, damu hushindwa kupita. Misuli ikikosa damu kwa saa 6 hivi huanza kufa, na vidole huweza kujikunja vikabaki hivyo maisha yote. Daktari Richard von Volkmann aliueleza ulemavu huo mwaka 1881. Hata hogo la hospitali likibana linaweza kuuleta.

Basi, mtoto akianguka, msimkande wala msimvute mkono. Ufungeni kwa kitambaa kama mlivyoukuta, bila kukaza. Msimpe chakula njiani, maana huenda akahitaji dawa ya usingizi. Maumivu yakizidi hata baada ya dawa, au vidole vikiwa baridi, vyeupe, vyenye ganzi au visivyonyoka, msingoje asubuhi. Rudini hospitali usiku huo huo.

Kosa jingine ni kutorudi kutoa nyaya. Mtoto anacheza, maumivu yamekwisha, tarehe inasahauliwa. Waya uliokaa muda mrefu hukaribisha usaha, nao unaweza kufika mfupani. Siku ya kutoa waya ni sehemu ya matibabu.

Tunajua kwamba mara nyingi kinachowazuia wazazi si ukaidi, ni nauli na gharama. Hapa ndipo tunapotoa maoni yetu. Jumuiya zetu ndogo ndogo huchanga upesi mtu anapofariki. Kwa nini zisichange upesi vile vile mtoto anapoanguka? Kila jumuiya itenge akiba kidogo ya safari ya hospitali, ya kwenda na ya kurudi kutolewa nyaya. Rambirambi ni tendo jema, lakini haiurudishi mkono uliokufa. Nauli iliyotolewa kwa wakati inaweza kuuokoa mkono utakaoshika kalamu na jembe, na kufanya ishara ya msalaba.