Mabehewa Yamepita Mlangoni Petu

Mwaka 2020 Shirika la Reli la Kenya lilinunua treni 11 kutoka Uhispania, kwa shilingi bilioni 1.15 hivi. Hazikuwa mpya. Zilikuwa zimebeba abiria miaka mingi katika kisiwa cha Mallorca, na kisiwa kile kilipoingia kwenye treni za umeme, hizi za dizeli zikakosa kazi. Ni treni ambazo injini imo humo humo ndani, hazihitaji kichwa cha kuzivuta. Zikifika mwisho wa njia, dereva anahamia upande wa pili na safari inaanza upya. Yaani ni treni za mji, za kwenda na kurudi mchana kutwa.

Zilishushwa bandarini Mombasa. Zikatoka kisiwani, zikapita Changamwe, zikaenda zao Nairobi.

Mimi naishi Magongo. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi nikiwa nimesimama steji alfajiri, mvua inanyesha, na makanga ameshapandisha nauli kwa sababu ya wingu tu. Kutoka hapa hadi Mwembe Tayari hazifiki kilomita 10. Kuna asubuhi nimezitembea kwa saa moja na nusu ndani ya matatu. Mwaka jana nilikatwa nusu siku mara tatu katika mwezi mmoja kwa kuchelewa kazini. Nilipomwambia bosi kuhusu jam ya Changamwe, akaniuliza kama jam ilianza leo. Sikuwa na jibu, kwa sababu haikuanza leo.

Sina ugomvi na Nairobi kupata treni. Watu wa Embakasi na Ruiru nao wana mabosi. Ugomvi wangu ni na jibu moja tunalopewa huku Pwani kila tukiuliza kuhusu treni ya watu wa kazi: vifaa hamna. Vichwa vichache, mabehewa machache, subirini. Jibu hili ni la kweli nusu, na nusu ile nyingine ndiyo inayotuumiza.

Nusu ya kweli ni hii. Kenya ina reli mbili zisizozungumza. SGR ina upana wa milimita 1,435. Ile ya zamani, iliyoanza kujengwa hapa hapa Mombasa mwaka 1896, ina upana wa milimita 1,000. Behewa la Madaraka Express haliwezi kuteremka hadi stesheni ya zamani kisiwani, hata ukilisukuma kwa dua. Kwa hiyo mtu akikwambia mabehewa hayatoshi, muulize: ya reli ipi? Ya SGR hayatuhusu sisi wa safari za Changamwe. Yanayotuhusu ni yale ya reli ya zamani, na hayo kweli ni machache, tena mengi yamezeeka. Jirani yangu mmoja mzee, aliyefanya kazi reli enzi zake, aliniambia: "Mwanangu, behewa likisimama miaka mitatu bila kuguswa, hilo si behewa tena, ni vyuma." Namwamini.

Sasa ile nusu nyingine. Kichache hugawanywa, na kugawanya ni uamuzi wa mtu. Hebu tuhesabu pamoja. Behewa likitoka Miritini saa mbili asubuhi kwenda Nairobi kwa treni ya kusimama vituoni, linafika mchana. Asubuhi nzima, kila kiti kimebeba mtu mmoja, au wawili kama mwingine ameshukia Voi. Chukua treni moja ndogo ya reli ya zamani, uiweke kati ya Miritini na stesheni ya kisiwani, njia ya kilomita 15 hivi. Hata ukiipa dakika 45 kwenda na 45 kurudi, kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne asubuhi imeshakwenda na kurudi mara tatu. Kiti kile kile, watu watatu waliofika kazini, na jioni kinawarudisha. Ukiwa na vyombo vichache, safari fupi ndiyo inayovitumia vizuri. Kwa hiyo uhaba wa mabehewa ni sababu ya kuanza na mji, wala si sababu ya kuuacha mwisho.

Na reli ipo. Madaraka Express ilipozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, abiria alisafiri kilomita 472 halafu akamwagwa Miritini, bara, aanze kutafuta matatu ya kumvusha kisiwani. Aibu hiyo ndiyo iliyoleta mpango wa kufufua reli ya zamani kati ya Miritini na kisiwa, pamoja na kipande cha kuiunganisha na stesheni ya SGR. Vizuri. Lakini sikiliza unavyoelezwa: kumfikisha msafiri wa SGR mjini. Ukiipanga treni imngoje msafiri wa Nairobi, ratiba yake itafuata Madaraka, inayoondoka saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri na saa nne usiku. Kibarua wa bandarini anayeingia zamu saa moja asubuhi haimo katika hesabu hiyo. Mama wa Chaani anayewahi mboga sokoni haimo. Treni itapita mbele yao, tupu au imejaa masanduku ya wageni, na wao wako barabarani.

Hili si geni Mombasa. Picha za mji huu za mwanzoni mwa miaka ya 1900 zinaonyesha vijireli barabarani na vigari vidogo juu yake. Amekaa afisa wa Kizungu na kofia yake, na nyuma Waafrika wawili wanasukuma. Usafiri wa reli wa mjini tulikuwa nao zaidi ya miaka 100 iliyopita. Swali lilikuwa nani anakaa na nani anasukuma.

Na tumesukuma. Tangu 2013 kuna tozo ya maendeleo ya reli kwa bidhaa zinazoingia nchini, na nyingi zinaingilia Kilindini. Mwaka 2019 serikali ilipotaka makontena yote yapande SGR, walioumia kwanza walikuwa watu wa huku: madereva wa malori, mafundi wa tairi, mama wa vibanda vya chai Changamwe, Jomvu na Miritini. Watu waliandamana mjini Jumatatu baada ya Jumatatu. Agizo liliondolewa mwaka 2022, lakini vibanda vingi nilivyovijua havikurudi. Changamwe imeilipia reli kwa kazi zake. Haiombi zawadi ikidai treni ya saa kumi na moja.

Wapo watakaosema nauli ya mji haitalipa. Kiti cha Nairobi, daraja la kawaida, ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Cha Changamwe utakiuza kwa ngapi, 50? Sawa. Lakini Likoni tunavuka feri kwa miguu bila kulipa, na hakuna mtu mwenye akili anayesema feri isimamishwe kwa sababu haileti faida. Kila mtu anajua mji ungesimama kabla ya saa tatu.

Wapo pia watakaosema vijana wa matatu watakosa riziki. Hili nalichukulia kwa uzito zaidi, maana nina binamu makanga. Lakini stesheni za reli haziko mlangoni kwa watu. Mtu wa Mikindani au Port Reitz atahitaji gari au tuktuk ya kumfikisha stesheni. Kazi itakuwepo, safari zitakuwa fupi, na binamu yangu hatakaa saa nzima kwenye jam akichoma mafuta ya tajiri.

Na wasioijua Dar es Salaam wasituambie lazima tungoje vyombo vipya. Oktoba 2012 wenzetu walianza treni za abiria ndani ya jiji, kwa reli ya TRL na ya TAZARA, wakitumia mabehewa yaliyokuwepo, wakayakarabati. Wananchi wakaiita treni ya Mwakyembe, jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Ilijaa kupita kiasi. Lakini ilitembea, watu wakafika kazini, na SGR yao ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024, wakazi wa Dar walikuwa na zaidi ya miaka kumi ya kujua treni ya mji ni kitu gani.

Hata hivyo sitaki treni ya kukata utepe. Nimezaliwa Mtongwe, na mtu wa Mtongwe hafundishwi maana ya uhaba wa vyombo. Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi ya kazi, feri iliyojaa watu ilipinduka karibu na gati letu. Walikufa 272. Nyumbani kwetu siku hiyo haitajwi kwa sauti kubwa hadi leo. Chombo kimoja kinapofanya kazi ya viwili, watu hupanda hata kama hakuna nafasi, kwa sababu kazini hakuna anayekusubiri. Kwa hiyo nasema wazi: treni moja isiyo na mbadala ni mtego. Nataka mbili njiani na ya tatu karakana, na karakana hiyo iwe huku huku bara, na mafundi wafunzwe huku, si kila kipuri kingoje Nairobi.

Kwa ndugu zangu wa Kisauni na Likoni: najua reli hii haiji kwenu. Hakuna reli Bombolulu wala Shelly, na mwanasiasa atakayewaahidi mwulizeni atapitisha wapi. Lakini kila mtu wa Changamwe anayepanda treni ni mtu mmoja aliyetoka katika foleni ya Makupa, na foleni ya Makupa ndiyo inayofika Buxton na kuwakamata nyinyi mkitoka Daraja la Nyali.

Basi madai yangu ni manne. Mabehewa ya reli ya zamani yakigawanywa tena, Mombasa ihesabiwe kwanza kwa safari fupi. Nauli isizidi ya matatu siku ya jua. Chombo cha akiba kiwepo kabla ya safari ya kwanza. Na ratiba ianze na mtu wa kazi, msafiri wa Nairobi afuate.

Mkikaa kuiandika ratiba hiyo, mstari wa kwanza nimeshawaandikia: Miritini, saa kumi na moja na robo alfajiri. Mimi nitapandia Changamwe.