Kompyuta Inayozimika Ghafla: Tuhakikishe Kabla ya Kulaumu



Ndugu wasomaji, wiki hii tunazungumzia kadhia iliyotufika wenyewe ofisini, kwani tumebaini kuwa nyumba kadhaa hapa Handeni na kwa jirani zetu wa Korogwe zinayo. Ni kompyuta ya mezani inayofanya kazi ndogondogo bila taabu, lakini ikipewa kazi nzito huzimika papo hapo, kama taa iliyozimwa swichi. Wazazi wengi wakiona hivyo husema, "Ni magemu hayo." Nasi tulisema vivyo hivyo, na tulikosea.

Kompyuta yenyewe tulipewa na kijana wa mtaani kwetu aliyehama kikazi. Iliundwa kwa ajili ya michezo: ina prosesa yenye nguvu na kadi ya picha inayojitegemea. Mashine inayoweza kuendesha michezo mizito huweza pia kuhariri video, na kamati ilikuwa imeazimia kurekodi darsa za baada ya Alasiri ili ziwafikie wagonjwa na wazee wasioweza tena kufika msikitini. Kazi hiyo tulimkabidhi kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne, mtoto wa mjane, tukampa na ufunguo wa ofisi.

Kuandika barua na kujaza daftari la michango hakukuwa na shida. Taabu ilianza katika hatua ya mwisho ya kutoa video, pale prosesa na kadi ya picha zinapofanya kazi kwa pamoja kwa nguvu zote. Dakika tatu au nne, kisha kimya. Hapakuwa na onyo wala maandishi yoyote kwenye skrini. Fundi wa kwanza alifuta kila kitu na kuweka Windows upya, mara mbili, na mara zote mbili tulilipa. Tatizo lilipobaki, akasema bodi na prosesa vimekwisha, vinunuliwe vipya.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mjumbe mmoja alisema huenda kijana anaingia usiku kucheza, na ndiyo maana mashine imechoka. Hakuna aliyemwona. Hata hivyo neno lilirudiwa barazani mpaka likawa kama habari iliyothibitishwa, nasi tukamtaka kijana arejeshe ufunguo. Siku ya pili mama yake alikuja. Hakugomba. Alisema tu, "Bwana Katibu, mwanangu akiwa amekosa nionesheni kosa lake, nimrudi mwenyewe." Hatukuwa na kitu cha kumwonesha.

Kabla ya kutoa fedha za waumini kununua bodi, tuliamua kutafuta rai ya pili. Kompyuta tuliizungushia blanketi, tukapanda nayo basi katika zile kilomita 65 za lami mpaka Korogwe, kwa mzee mmoja aliyeanza ufundi wake kwenye redio. Kijana tulikwenda naye, kwa sababu ndiye aliyeijua mashine.

Mzee hakuifungua. Alianza kwa maswali. "Wanangu, inazimika ghafla au hulegea kwanza? Ikizimika, inawaka tena saa ile ile au hugoma mpaka ipoe? Taa za chumbani hufifia? Feni ya dari huendelea kuzunguka?" Sisi wanakamati tulitazamana. Kijana akatoa daftari dogo mfukoni. Alikuwa ameandika kila tukio: tarehe, saa, na kazi iliyokuwa ikifanyika. Matukio 23, yote wakati wa kutoa video, hakuna hata moja wakati wa kuandika. Mashine haikulegea kwanza, iliwaka tena mara moja, na feni ya dari haikusita.

Kisha mzee akaiwasha na kutuonesha kumbukumbu ambayo Windows hujiandikia yenyewe. Kompyuta ikikatika bila kufungwa ipasavyo, inapowaka tena huandika tukio lenye nambari 41. Na tukio jingine, nambari 6008, hutaja saa ambayo ilizimika. Rekodi za mwanzo zilikuwa zimefutika pale Windows ilipowekwa upya. Zilizobaki zililingana na daftari la kijana, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, wakati ambao baadhi yetu tumeketi barazani nje ya mlango wa ofisi hiyo hiyo. Ushahidi ulikuwa ndani ya mashine siku zote tulizokuwa tukizungumza.

Tueleze sasa alivyopima, kwa kuwa utaratibu wake unamfaa mzazi yeyote.

Kwanza ni joto. Prosesa hujilinda: ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, nyingi hupunguza kasi kwanza, na joto likizidi huzima mashine. Hivyo kompyuta inayougua joto aghalabu husuasua kabla ya kuzimika, na ukiiwasha upesi huzimika tena mapema zaidi kwa sababu haijapoa. Mzee aliweka programu ya bure inayoonesha joto, akaanzisha video ile ile. Ilizimika ikiwa nyuzi 71. Joto halikuwa mkosaji. Hata hivyo alipofungua ubavu wa kasha tulikuta vumbi jekundu la Handeni limeziba mapezi ya kipozeo, akalisafisha kwa brashi laini na upepo, huku amezuia feni kwa kidole zisizunguke ovyo. Katika nyumba nyingine vumbi hilo, au ukavu wa pesti iliyo kati ya prosesa na kipozeo, lingekuwa ndilo jibu lenyewe.

Pili ni umeme unaoingia. Umeme wa nchi yetu ni volti 230, lakini jioni watu wengi wanapowasha vyombo kwa pamoja unaweza kushuka. Dalili ni taa kufifia na feni kupunguza mwendo. Hali kadhalika waya wa kurefushia ulio mwembamba, wenye pasi na birika juu yake, haumfai mtumiaji wa kompyuta. Na mwenye UPS ajue kuwa nambari kubwa iliyoandikwa juu yake si wati. UPS ya VA 650 mara nyingi hubeba wati 390 au pungufu, na ikizidiwa hukata.

Tatu ni pawa saplai, lile sanduku la chuma ndani ya kasha linalogeuza umeme wa ukutani kuwa umeme wa volti ndogo. Yetu ilikuwa na kibandiko kikubwa cha "500W". Mzee akavaa miwani, akasoma maandishi madogo ubavuni. Mstari wa volti 12, ambao ndio unaolisha prosesa na kadi ya picha, uliandikwa ampea 22. "Hesabuni," akasema. Volti 12 mara ampea 22 ni wati 264. Prosesa yetu huhitaji wati 95, kadi ya picha 160, na vilivyobaki kama 50; jumla 305. Mzigo ulizidi uwezo. Isitoshe, kadi ya picha ikishtuka huvuta kwa sehemu ndogo ya sekunde zaidi ya kiwango chake cha kawaida. Pawa saplai ilipozidiwa ilikata ili isiungue, na kwa kukata huko ilikuwa ikitekeleza wajibu wake.

Lakini mzee hakuridhika na hesabu. Alifunga pawa saplai ya akiba ya dukani kwake, video ikaenda dakika arobaini mpaka mwisho. Akairudisha ile ya zamani; dakika ya tatu ikakata. Akafunga tena ya akiba, ikaenda. "Ukibadilisha kitu ukapona mara moja," alisema, "huenda ni sadfa. Rudisha kilichokuwepo. Ugonjwa ukirudi, ndipo useme umeujua."

Tulinunua pawa saplai mpya ambayo mstari wake wa volti 12 unabeba ampea 45, yaani wati 540. Gharama yake haikufika robo ya ile tuliyoambiwa kwa bodi na prosesa. Kama tungetii ushauri wa kwanza, tungenunua bodi mpya, tungeifunga kwenye pawa saplai ile ile dhaifu, na mashine ingeendelea kuzimika. Bila shaka lawama zingemrudia kijana yule yule.

Kwa ndugu wenye tatizo kama hili, fuateni mpangilio huu. Andikeni kila tukio kabla ya kumwita fundi. Tazameni taa na feni wakati inapozimika. Ondoeni waya wa kurefushia. Safisheni vumbi, mashine ikiwa imechomolewa. Someni joto. Someni kibandiko cha pawa saplai, mstari wa volti 12, si nambari kubwa ya mapambo. Kuweka Windows upya kuwe hatua ya mwisho, kwa kuwa hugharimu faili na hufuta kumbukumbu. Na tunasisitiza: sanduku la pawa saplai lisifunguliwe nyumbani, kwani ndani yake hubaki umeme unaoweza kudhuru hata baada ya kuchomolewa. Likiwa na swichi nyekundu ya 115 na 230, ibaki kwenye 230, na watoto wasiichezee.

Imebaki sehemu ambayo fundi hakuwa na dawa yake. Tuhuma ilisemwa barazani, hivyo kamati ilikubaliana kuwa radhi nayo iombwe palepale, mbele ya watu wale wale, wala si kwa kunong'ona nyumbani kwa mjane. Ijumaa iliyofuata, baada ya Swala, tulisimama tukasoma daftari la kijana, tukataja kosa letu na kumrudishia ufunguo. Mjumbe aliyeanzisha maneno alimwendea mwenyewe akampa mkono.

Kijana alipokea ufunguo, akashukuru, akaomba jambo moja tu: kuanzia sasa, kila anayeingia ofisini aandike jina lake na saa katika daftari la mlangoni. Tumelinunua. Jina la kwanza katika ukurasa wa kwanza ni la Katibu.

Wabillahi tawfiq.