Admin ana ufunguo, kundi si lake

Hili nitalisema wazi. Kundi letu la WhatsApp tulilianzisha ili kubishana juu ya Muungano na Bukavu Dawa, basi. Lakini tangu M23 waingie mjini mwezi wa pili 2025 watu walitawanyika, wengine Uvira, wengine Burundi, na ni humo humo wanaulizia nyumba walizoacha na wazee waliobaki Kadutu.

Juma lililopita mama mmoja aliyekimbia aliandika kwamba mwamuzi aliipendelea Dawa. Tena katika mechi ya zamani, hata matokeo wengine tumeyasahau! Admin, mpenzi wa Dawa, akamtoa bila onyo. Mama huyo hakupoteza mpira tu. Alipoteza jirani aliyekuwa anamwangalilia nyumba.

Watasema kundi ni la admin. Hapana. Ana ufunguo tu, kama mlinzi wa geti pale Stade de la Concorde, na uwanja si wake. WhatsApp inamruhusu kufuta ujumbe mmoja; kwa nini afute mtu mzima? Anayetukana kabila la mwenzake, au kutangaza fulani amejificha wapi, mtoeni saa ileile, mimi sitamtetea. Lakini ubishi wa mpira? Wekeni wasimamizi watatu: wa Muungano, wa Dawa, na mmoja kati ya waliohama. Mtu aonywe kwanza, na asitolewe mpaka wawili wakubali.

Na yule mama arudishwe leo. Namba yake admin anayo.