Zilipendwa na Wangapi?

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye siku hizi ni mtangazaji katika redio ambayo sitaitaja, alipita hapa Kilwa Kivinje mwaka jana akielekea Lindi harusini. Aliniamkia kwa adabu zote, tukaketi barazani, nikamtilia kahawa. Redio yangu ilikuwa ikipiga wimbo wa Mbaraka Mwinshehe. Akasikiliza kidogo, akatabasamu, kisha akasema: "Mwalimu, usinione nimekosa heshima. Lakini laiti enzi zenu nyimbo zingeuzwa kwa simu kama leo, huyu mzee asingeingia hata kumi bora. Sisi tuna nyimbo za mamilioni. Namba hazidanganyi."

Siku ile nilimjibu kwa maneno machache, maana mgeni hagombezwi barazani. Leo namjibu kwa urefu, na naomba wewe msomaji uwe shahidi.

Kwanza hili la namba kutodanganya. Nimefundisha hesabu na Kiswahili kwa zaidi ya miaka 30, na miaka ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu. Nimeziona namba zikidanganya mchana kweupe, nyingine zikiwa na saini yangu chini yake. Msimu wa korosho ukiwadia, daftari la mahudhurio lilisema watoto 45, na darasani walikuwa 31. Waliobaki walikuwa chini ya mikorosho pamoja na wazazi wao. Mkaguzi alisoma daftari, akaweka tiki, akapanda gari lake. Hakuhesabu vichwa. Tangu hapo kila ninapotajiwa namba huuliza kwanza: kalamu alikuwa nayo nani?

Enzi zetu kalamu ilikuwa Dar es Salaam. Tanzania Bara, hadi katikati ya miaka ya 1990 redio za watu binafsi zilipoanza, tulikuwa na redio moja tu ya kutegemea, nayo ni Radio Tanzania. Orodha ya mauzo ya nyimbo hatukuwa nayo. Kilichotuonyesha kwamba wimbo umeshika ni vipindi vya salamu. Mtu alinunua kadi, akaandika jina lake, majina ya ndugu na marafiki, na wimbo anaoutaka, akatia posta. Wimbo ukitajwa kila siku, tulijua huo ndio wa msimu.

Sasa hebu fikiria kadi inayotoka Kilwa mwezi wa Aprili. Barabara ni tope. Basi limelala Ndundu likingoja kivuko cha Mto Rufiji, abiria wanapika uji kando ya njia. Daraja la Mkapa lilikuwa bado, lilifunguliwa 2003. Kadi ikifika Dar es Salaam, wimbo ulioombwa umekwisha poa na mwombaji mwenyewe amekwisha usahau. Basi redio ilisomea taifa zima majina ya Magomeni, Morogoro na Tanga, nasi wa kusini tukayasikiliza kana kwamba ndiyo hesabu ya nchi nzima. Na hapo nasema juu ya waliojua kuandika. Marehemu mama yangu hakujua kuandika. Alipenda nyimbo kuliko mtu yeyote niliyemfahamu, na hakuna kadi hata moja iliyowahi kulibeba jina lake.

Duka nalo halikuwa mzani bora. Pale gengeni Kivinje palikuwa na hoteli ya chai yenye gramafoni. Mwenye hoteli alinunua santuri moja. Ikapigwa asubuhi kwa wavuvi waliotoka baharini, adhuhuri kwa wachukuzi, jioni kwa sisi walimu vijana ambao mshahara ulikuwa bado haujafika. Ikapigwa hivyo miaka na miaka, mpaka ikawa inalia kama samaki kikaangoni. Katika daftari la muuzaji, santuri ile ni moja. Waliousikia wimbo huo kwa moyo ni mji mzima.

Ndiyo maana nikisoma kwamba santuri za Siti binti Saad, ambaye alikwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, ziliuzwa zaidi ya 70,000 kufikia 1931, siishii kwenye namba hiyo. Nauliza: kila moja ilikuwa na masikio mangapi? Mwambao huu wote, kutoka Lamu hadi Lindi, watu wenye gramafoni walikuwa wa kuhesabika, na wasikilizaji walikaa mpaka nje uani. Mtangazaji wangu akitaka kushindana kwa mamilioni, aanze na huyo bibi.

Wenzetu waliokuwa na orodha rasmi nao hawakusalimika. Marekani, jarida la Billboard lilipanga nyimbo na albamu zake kwa miaka mingi likitegemea taarifa za wenye maduka, na mwenye duka alisema alichopenda kusema. Mwezi Mei 1991 wakaanza kutumia hesabu za mashine za madukani katika orodha ya albamu. Haukupita mwezi mwingine, kundi la N.W.A., vijana weusi wa California ambao wakubwa hawakutaka hata kuwasikia, likawa namba moja. Septemba mwaka huohuo Garth Brooks, mwimbaji wa nyimbo za mashambani, akaingia moja kwa moja kileleni. Je, watu wa Marekani walibadilika masikio kwa miezi michache? La hasha. Aliyebadilika ni mshika kalamu.

Hapo ndipo ninapokubali kwamba swali la kijana wangu si la kipuuzi. Mauzo ya kidijiti yangebadili mengi. Ila hajaona kwamba kuna vitu viwili ambavyo yeye anaviita kwa jina moja. Kununua ni tendo la siku moja. Kusikiliza ni tendo la maisha. Zamani aliyenunua alihesabiwa mara moja, hata kama angeupiga wimbo miaka 20. Siku hizi mitandao inahesabu kila unapoubonyeza wimbo. Basi mamilioni anayonitajia si watu mamilioni. Humo yumo kijana mmoja aliyeusikiliza wimbo mara 100 akiwa amenuna kwa sababu ya mchumba. Tungehesabiwa kwa namna hiyo, hoteli ile ya chai peke yake ingewatisha wengi. Mwingereza Kate Bush alitoa wimbo mwaka 1985, ukafika nafasi ya 3 nchini kwao. Mwaka 2022, uliposikika katika tamthilia ya televisheni, watu wakaurudia mitandaoni mpaka ukawa namba 1, miaka 37 baadaye. Dukani usingepata nafasi hiyo, maana duka huuza kilichopo rafuni.

Na hapa petu, rafuni hapakuwa na kitu! Hili ndilo vijana hawalijui, na ndilo linaloniuma. Nyimbo nyingi za bendi zetu zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania kwa ajili ya kupigwa hewani. Zilisikika Kagera hadi Mtwara, lakini mtu hakuweza kwenda dukani kuzinunua, kwa sababu hazikuwa santuri. Aliyetaka santuri alifunga safari na bendi yake kwenda Nairobi, maana viwanda vilikuwa huko. Kisha Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa Novemba 1983. Miaka yote hiyo santuri kwetu zikaadimika kama sukari na sabuni. Mbaraka mwenyewe alifia Mombasa kwa ajali ya gari Januari 1979, mpaka ukiwa umefungwa. Unampimaje mtu kwa mauzo katika nchi ambayo bidhaa yake haiuzwi? Ni sawa na kumfelisha mtoto katika mtihani ambao karatasi haikumfikia.

Wazee wenzangu wasishangilie sana. Nao wana uongo wao. Wanasema zamani tulipenda vya kwetu tu. Mimi nilikuwapo. Laiti kila mtu wa Lindi mwaka 1975 angekuwa na simu ya kununulia wimbo, naamini kileleni angekaa Franco wa Zaire, na nyuma yake nyimbo za filamu za Kihindi, ambazo tuliziimba pasipo kuelewa neno. Bendi zetu zingefuata. Hata Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, iliyobeba jina la mji wetu, maskani yake yalikuwa Dar es Salaam. Sisi wenye jina tuliisikia redioni kama watu wa Bukoba walivyoisikia. Hesabu ya kweli ingetuaibisha sote, wazee na vijana.

Nitoke kidogo nje ya njia. Mwalimu wa Kiswahili hawezi kulipita neno "zilipendwa" bila kulisahihisha. Ni wakati uliopita, kana kwamba mapenzi yamezikwa. Tena ni kauli ya kutendwa isiyomtaja mtenda. Zilipendwa na nani? Wangapi? Wapi? Neno lenyewe limeundwa ili swali hilo lisiulizwe. Haya, turudi.

Mtangazaji wangu anadhani leo mshika kalamu ni mwadilifu kwa kuwa ni mashine. Sikatai sifa za vijana. Mwaka 2020 Diamond Platnumz alifikisha mara bilioni 1 za kutazamwa katika YouTube, nami nilifurahi, maana lugha iliyofika huko ni yangu. Lakini njoo Kivinje sokoni uone wimbo unavyosafiri. Kuna kibanda chenye kompyuta. Kijana wa bodaboda anatoa fleshi yake, analipa fedha kidogo, anajaziwa nyimbo 100 kwa mkupuo. Anazipiga kutwa katika spika ya pikipiki, barabara nzima inasikia. Mvuvi naye ana memori kadi katika redio yake ndogo ya chomboni. Hakuna hata mmoja anayehesabiwa, kwa sababu hakutumia bando, na hakutumia bando kwa sababu fedha ya bando ni fedha ya unga. Mashine inamhesabu mwenye bando. Posta ilimhesabu mwenye stempu. Mama yangu angekosa kote kuwili.

Mwezi Mei 2024 tulipata somo zuri. Kimbunga Hidaya kilituletea mvua ambayo wengi wetu hatujapata kuiona; maji yakakata barabara upande wa Somanga, magari yakakwama kwa siku kadhaa, nikakumbuka Ndundu. Tarehe 12 mwezi uleule, nyaya za mawasiliano zilizo chini ya bahari nazo zikakatika, intaneti nchini ikazorota. Jioni zile watu wa Kilwa waliimba, walicheza, walisikiliza redio. Katika hesabu ya dunia, tulikuwa kimya.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikulitamka siku ile barazani, kwa aibu.

Kijana akiniuliza mauzo ya kidijiti yangebadili nini, jibu langu si nani angekuwa wa kwanza na nani wa pili. Hayo ni ya mashabiki. Swali ni nani angekula. Marijani Rajab, Jabali la Muziki, aliimba mpaka jina lake likawa la nyumba kwa nyumba. Alifariki 1995 akiwa hana mali inayokaribia hata robo ya jina lile. Sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu 1966, lakini sheria iliyotuletea COSOTA, chombo kilichoundwa wakati huo kuwakusanyia wasanii mirabaha, ilipitishwa 1999. Wakati huo Marijani alikuwa kaburini miaka minne. Laiti kila mara wimbo wake ulipopigwa angepata senti moja, senti moja tu, sidhani kama angehitaji huruma ya mtu.

Na ni nani aliyemnyima senti hiyo? Tumezoea kuilaumu serikali na wenye maduka. Mimi nilikuwa na redio kaseti, niliyoinunua kwa mkopo mwaka 1984. Kipindi cha muziki kikianza, nilibonya vitufe viwili kwa pamoja, watoto nikawakataza kukohoa. Nilirekodi kaseti moja baada ya nyingine. Walimu wenzangu wakaniomba, nikawarekodia. Kijana mmoja mwenye duka akaniazima kaseti tatu, na mwezi haukuisha nikazisikia nakala zake stendi, zinauzwa. Nilicheka. Nilijiona mtu wa maana, mwenye nyimbo zinazotafutwa. Mwaka uleule nilimchapa mwanafunzi viboko vinne kwa kuangua madafu mawili katika shamba la shule.

Siku hizi mjukuu wangu ananifungulia nyimbo zilezile katika simu yake. Nilimwomba aniwekee moja ya Marijani. Ikaja mara moja, safi, na chini yake namba kubwa ya waliokwisha kuitazama. Nikamuuliza ni nani aliyeiweka humo. Akatafuta, akaniambia: "Babu, ni mtu tu, anajiita kwa herufi." Nikauliza fedha ya matangazo yanayopita mwanzo wa wimbo inakwenda kwa nani, kwa watoto wa marehemu au kwa huyo wa herufi. Mtoto akanitazama tu.

Basi kijana wangu wa redio akirudi na namba zake, nitamkaribisha kahawa tena. Nami nitamtolea namba yangu. Kaseti ziko chini ya kitanda, katika sanduku la bati nililopewa chuo cha ualimu. Ni 52. Nimezihesabu mwenyewe, na hakuna hata moja niliyoilipia mwimbaji.