Mwaka wa Kwanza, Msimdai Mwanafunzi Pesa

Kila Septemba, sisi tunaofanya kazi za nyumba na za ujenzi hapa Brussels tunapata simu zilezile. Mdogo wangu kapata chuo, anafika Alhamisi, mpokeeni. Tunampokea. Tunamtandikia godoro sebuleni, tunampeleka Matonge pale Ixelles akale ugali na samaki asilie usiku wa kwanza. Hapo hakuna shida, huo ni undugu. Shida huanza wiki ya tatu, simu inapoingia kutoka Doha, Muscat au Bukavu: "Ameshapata kazi? Atatuma lini?"

Maoni yetu ni haya, na tunajua yatawaudhi baadhi yenu: mwaka wa kwanza msimdai hata senti.

Tuangalie hesabu. Mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya lazima aonyeshe kwamba ana hela ya kuishi. Kwa mwaka wa masomo 2024–2025 kiwango kilikuwa euro 803 kwa mwezi. Zidisha mara kumi na mbili: euro 9,636, na ada haimo humo. Wengine huweka pesa hiyo kwenye akaunti iliyofungwa, anapewa kidogo kidogo kila mwezi. Wengine hutafuta mdhamini wa kutia saini fomu inayoitwa kiambatisho cha 32. Hapo ndipo tunapoona mambo. Familia inatafuta mdhamini wa jina tu. Viza ikitoka, hatoi chochote. Mtoto anatua na begi moja na euro mia mbili mfukoni. Na wewe unayeombwa kutia saini kwa sababu una hati za mshahara, fahamu kwamba unajifunga kulipia matibabu yake, maisha yake, masomo yake, hata nauli ya kumrudisha kwao. Siyo saini ya kumfurahisha shangazi.

Mkilipa ada kutoka mbali, kuweni macho na jina la chuo. ULB na VUB yote yana maana moja, Chuo Kikuu Huru cha Brussels, lakini ni vyuo viwili tofauti, kimoja cha Kifaransa na kingine cha Kiholanzi (na Kiingereza pia kwa baadhi ya kozi). Kila kimoja kina akaunti yake.

Miezi mitatu ya kwanza ndiyo inayomeza pesa. Chumba cha mwanafunzi, huku wanakiita kot, kinataka kodi ya mwezi wa kwanza na dhamana, mara nyingi ya miezi miwili. Dhamana hiyo inakaa kwenye akaunti maalumu yenye jina la mpangaji. Mwenye nyumba akisema "nipe mkononi", ondokeni. Halafu kuna koti la baridi, blanketi, bima ya afya wanayoiita mutuelle. Halafu komuni: ajiandikishe mapema, ndani ya siku nane tangu afike, kisha polisi wanakuja kuhakikisha kweli analala pale. Ndiyo maana godoro la sebuleni kwetu si anwani, jamani. Bila anwani hakuna kadi ya ukaaji, na mengine yote yanakwama. Hata usafiri: tangu Julai 2021 kijana wa hadi miaka 24 aliyesajiliwa Brussels aliweza kupata pasi ya mwaka mzima ya tramu, metro na basi kwa euro 12. Asiyesajiliwa alikosa nafuu hiyo.

Sasa kazi. Watu wanachanganya hesabu mbili. Ya kwanza ni masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo: huo ni mpaka wa kibali chake cha kukaa, akiuvuka anahatarisha kadi. Wakati wa likizo za chuo mpaka huo haupo. Ya pili ni masaa 650 kwa mwaka, tangu 2025: huo ni mpaka wa makato. Ndani yake anakatwa asilimia 2.71 tu, nje yake anakatwa kama mfanyakazi wa kawaida, asilimia 13.07. Akifanya masaa 20 kila wiki, 650 zinaisha katikati ya wiki ya 33. Huyo hana cha kutuma. Amelipa kot, amekula, basi.

Tulikaa na binti mmoja wa Goma. Baba yake mdogo alikuwa fundi wa zege Qatar, ndiye aliyemlipia kila kitu, na alitaka euro 100 kwa mwezi za kusaidia nyumbani. Binti hakukataa, nani angekataa? Akaanza kusafisha ofisi alfajiri, na jioni akaongeza kazi ya mgahawa isiyoandikwa popote. Darasani alikuwa anasinzia. Januari alifeli masomo manne kati ya matano. Kadi hiyo hufanywa upya kila mwaka, na ofisi ya uhamiaji hutazama amepata krediti ngapi. Miaka miwili ya zege pale jua kali ilikuwa karibu kupotea kwa sababu ya euro 100.

Tulimpigia baba mdogo sisi wenyewe, maana binti aliona aibu. Alikaa kimya mpaka tukadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Kwa hiyo Julai ataweza?" Tukamwambia Julai ataweza, ila Agosti ana mitihani ya kurudia.

Alifaulu masomo matatu Agosti ile, na kadi ikatoka. Sasa anafanya kazi Jumamosi tu. Bado hajatuma kitu. Baba mdogo humpigia Ijumaa, siku yake ya mapumziko, anamwuliza wiki hii wamesoma nini.