Zawadi ya Mmea: Mshubiri au Mnyaa?

Anayehamia nyumba mpya siku hizi huweza kuletewa mmea wa chungu wenye majani manene, akaambiwa, "Huu ni mshubiri." Twawanasihi: utambueni kwanza, kabla ya kujipaka au kuuweka wachezapo watoto.

Vaeni glavu, mkate ncha kidogo. Mshubiri hutoa utomvu wa manjano, mchungu, na ndani ya jani mna ute maangavu. Ukitoka utomvu mweupe kama maziwa, mmea huo si mshubiri. Huenda ni wa jamii ya mnyaa, ambao utomvu wake huunguza ngozi na waweza kupofusha jicho. Ukiingia jichoni, lioshwe kwa maji mengi na mgonjwa apelekwe hospitali upesi.

Ama matunzo, mimea hii huweka akiba ya maji mwilini mwake, hivyo huozeshwa na maji mengi. Chungu kiwe na tundu chini, udongo uchanganywe na mchanga, lakini si wa pwani wenye chumvi. Uwekeni penye mwanga, mmwagilie udongo ukaukapo kabisa.

Zawadi ni amana, na kuitunza huanza kwa kuijua.