Mungwana ni nani hapa Nyangwe?

Kuna neno moja ambalo wakaaji wa Nyangwe wanalisema kila siku bila kukubaliana maana yake: mungwana.

Kule Zanzibar, mungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipofika Maniema, maana ikageuka. Mungwana akawa mtu wa msafara, mwenye kanzu na bunduki, hata kama yeye mwenyewe alikuwa mtumwa wa tajiri fulani wa pwani. Mkaaji wa hapa aliyefuata lugha yao na dini yao akaitwa mungwana pia. Aliyebaki na desturi za mababu akaitwa mshenzi.

Tarehe 15 Julai 1871, watu wa misafara walifyatua bunduki katika soko la Nyangwe. Livingstone aliona kwa macho yake. Wengi walizama katika Lualaba wakikimbia, na Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Wengi walikuwa wanawake waliokuja kuuza vitu vyao. Wenye bunduki waliitwa wangwana, na wale wanawake washenzi. Siku ile, ni nani hasa alikuwa mungwana?

Mwaka wa 1893 jeshi la Dhanis liliteka Nyangwe, kisha Kasongo. Mizani ikageuka. Serkali ya Wabelgiji iliwaita wangwana « arabisés » na kuwatazama kwa mashaka. Shule zilikuwa mikononi mwa misioni, na watoto wengi wa Waislamu wakabaki nje.

Leo neno lina maana tatu: Mwislamu, mtu mwenye adabu, na ndani ya Kingwana, jina la lugha yetu. Ubaya unaanza pale linapotumiwa kumfungia jirani mlango, kwa ugomvi wa shamba au wa kiti cha uongozi: « yule si mungwana », au « wale wangwana walikuja tu ».

Lakini Mkatoliki anayeuza samaki na Mwislamu anayenunua wanapatana bei kwa Kingwana kilekile. Wazee na walimu wawaeleze watoto maana zote, pamoja na ile ya 1871. Kisha sisi wote tubaki na ile ya adabu. Hiyo haiulizi mtu anasali wapi, wala babu yake alishika bunduki au kikapu.